Mtu Mwema wa Janibu

Katika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwa watoto wetu wa shule tangu kabla ya Uhuru, sidhani kama yuko mhusika aliyesifiwa kwa kauli moja kumzidi Adili wa Shaaban Robert. Hekaya yake, Adili na Nduguze, ilichapishwa na kampuni ya Macmillan mwaka 1952. Tangu hapo mwalimu amemkabidhi mwanafunzi, mwanafunzi naye akawa mwalimu akamkabidhi mwingine, na hukumu imebaki ileile: Adili ni mwema. Uliza darasa lolote la Kasulu au Kibondo sifa za mhusika huyu, mikono itainuka upesi. Mpole. Mtiifu. Msamehevu. Mwenye huruma. Sina ugomvi na sifa hizo, nazikubali zote, na ile ya utiifu naikubali kuliko zote. Ninachotaka kusema katika kurasa hizi ni kwamba mtu mwenye sifa hizo, akiwekwa mahali alipowekwa Adili, ni mtu wa kuogopwa. Na kwamba mtunzi mwenyewe, kwa kadiri ninavyomsoma, alilijua jambo hilo kuliko sisi tunaomfundisha.

Kwa msomaji ambaye hakukisoma kitabu, au alikisoma zamani akasahau, mambo yenyewe kwa ufupi ni haya. Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Ikibali, mtumishi wa mfalme, anakwenda Janibu kwa shughuli ya kodi na kulala nyumbani kwa liwali. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili. Akisha kuwachapa anawabembeleza na kuwapa chakula. Ikibali anarudi na kumweleza mfalme, mfalme anamwita Adili ajieleze. Hapo ndipo hadithi hasa inapoanza, kwani Adili anafungua kinywa chake na kusimulia kwamba manyani hao ni ndugu zake wakubwa, Hasidi na Mwivu. Aliwasaidia kwa mali, wakaipoteza, akawasaidia tena, akasafiri nao, na safarini wakamtupa baharini kwa wivu. Aliokolewa na Huria, binti wa majini ambaye Adili alikuwa amemtendea wema zamani. Huria ndiye aliyewageuza ndugu wale manyani, na ndiye aliyemwamuru Adili awapige kila usiku, la sivyo yeye mwenyewe ataadhibiwa.

Basi Adili akawapiga. Kila usiku.

Wahakiki wetu wamezoea kulalamika kwamba watu wa Shaaban Robert ni bapa, wema ni wema tangu mwanzo na waovu ni waovu tangu majina yao. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini yametufanya wavivu. Tukisha kusema kwamba Adili ni sanamu ya haki tunafunga daftari, hatutazami tena mikono ya sanamu hiyo inafanya nini. Nami naona kwamba katika Kiswahili cha karne iliyopita kuna picha chache za kutisha kama hii ya liwali mpole, ambaye mchana anaamua mashauri ya watu kwa haki na jioni anachukua mjeledi kuwaendea wazaliwa wenziwe.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunamjua nyani. Mahindi yakianza kukomaa, watoto wanakaa vibandani pembeni mwa mashamba wakigonga makopo na kupiga kelele, kwa maana kundi moja la nyani laweza kumaliza shamba la mjane asubuhi moja. Hapana anayemwonea nyani huruma huku. Niliwahi kukisoma kitabu hiki kwa sauti mbele ya darasa moja Kibondo, na tulipofika kwenye kuchapwa kwa manyani darasa likacheka, kicheko kizuri tu cha watoto wanaojua kazi ya kulinda shamba. Msichana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka. Aliuliza: "Mwalimu, walikuwa wanaelewa anayowaambia wakati anawapiga?"

Ni swali la mtu aliyesoma kwa makini kunizidi. Wanaelewa, ndiyo. Umbo limegeuzwa, akili imebaki. Na katika Janibu nzima, aliyejua kwamba ndani ya ngozi ile mna watu alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyeshika mjeledi. Watumishi wake wangewaona manyani wakapita. Adili aliwaona Hasidi na Mwivu, wana wa baba yake.

Hapa mpakani jambo la watu kugeuzwa wanyama si la hekaya peke yake. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Bujumbura, maelfu ya Warundi walivuka wakaingia Kasulu, Kibondo na Ngara. Mwaka uliofuata ukawa wa Rwanda, ambako redio iliwaita watu mende mwezi baada ya mwezi, na waliosikia wakachukua mapanga. Tumejifunza kutokana na hayo kwamba kumnyang'anya mtu jina la utu ni hatua ya kwanza ya kumwua, na mafunzo hayo ni ya kweli. Lakini Adili yuko mahali pengine, na kwangu mimi pagumu zaidi kupaeleza. Yeye hakumsahau mtu aliye ndani ya mnyama. Anawaita ndugu, anawalilia, anawalisha. Wala halali bila kuwapiga. Tumezoea kufikiri kwamba kukumbuka utu wa mwenzio kutakuzuia usimtese. Adili alikumbuka usiku baada ya usiku, na mkono haukuzuilika.

Labda nieleze kwa mfano mwepesi. Nilipokuwa shule ya msingi, ambayo sitaitaja, tulikuwa na walimu wawili waliosifika kwa fimbo. Mmoja alikuwa mkali kwa tabia. Ukichelewa alikuchapa mpaka jasho likamtoka, akitukana, kisha akachoka, akatupa fimbo, na pengine siku tatu nzima asikumbuke kwamba kuna kuchelewa duniani. Wa pili alikuwa mpole kabisa. Sauti yake ilikuwa ya chini na hakupata kututukana hata mara moja. Aliagizwa kwamba kila anayechelewa achapwe fimbo nne, na kila aliyechelewa alichapwa nne, si tatu wala tano, masika na kiangazi, awe ametoka nyumba ya tatu au ng'ambo ya mto uliofurika. Akimaliza alituambia kwamba hapendi kufanya hivyo, na tuliamini, maana macho yake yalionyesha. Wakati mwingine alitupa viazi vya kuchemsha. Msomaji akiniuliza nani kati ya hao tulimwogopa, nitamjibu kwamba yule mkali tulimkwepa, kama mtu anavyokwepa mvua. Yule mpole hakuwa na mahali pa kumkwepea. Mwenye hasira huja wakati akapoa. Huyu hakuwa na hasira ya kupoa.

Huruma ya Adili, tukiitazama kwa jicho hilo, inafanya kazi ambayo hatukuitarajia. Tunaisifu kana kwamba inapunguza mapigo, lakini hakuna pigo hata moja linalopungua kwa sababu yake. Kinachopungua ni uzito wake yeye. Akisha kulia na kuwalisha anaweza kwenda kulala na kuamka liwali mwadilifu, tayari kwa usiku unaofuata. Mtu asiye na huruma angechoka na kazi hiyo au angeichukia. Pengine angeikabidhi kwa mtumishi, na mtumishi angelegea. Huruma ndiyo iliyomwezesha Adili kudumu.

Natambua kwamba nasema maneno mazito juu ya mtu aliyetupwa baharini. Msomaji mwenye haki ataniuliza: alitaka wafanyiwe nini, wauaji wale? Tena angefanyaje, na juu yake kuna jini lililotishia kumpiga yeye? Swali la kwanza halinipi shida. Hasidi na Mwivu walistahili adhabu, na ningekuwa liwali wa Janibu ningewafunga. Adhabu ya haki, hata hivyo, huwa na hesabu, miaka kadhaa au viboko kadhaa, kisha basi. Hii ya Huria haikuwa na siku ya mwisho. Mtu aitwaye Adili, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kupima makosa na adhabu, ndiye wa kwanza aliyepaswa kuuliza: mpaka lini?

Swali la pili ndilo lenye uzito, nami nalichukua kwa heshima kwa sababu wilaya zetu hizi zimeliishi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka vijiji vyao, ikawakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Miaka arobaini hivi baadaye, tangu 1972, ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mara zote mbili sababu zilizotolewa zilikuwa njema: mara ya kwanza afya, mara ya pili shule, maji na zahanati. Na mara zote mbili amri zilipita mikononi mwa watu wa hapahapa. Mzee mmoja wa Kibondo, marehemu sasa, ambaye wakati wa Operesheni alikuwa balozi wa nyumba kumi, aliwahi kunisimulia jinsi alivyopanda juu ya nyumba ya shangazi yake akaezua nyasi kwa mikono yake. Alisema alifanya taratibu, asivunje fito, na kisha akambebea shangazi mtungi na kinu mpaka kijiji kipya, mwendo wa nusu siku. "Kama nisingeezua mimi wangekuja wengine wakachoma," alisema. Huenda ni kweli, kwingine ziliungua. Sikumhukumu mzee yule wala simhukumu sasa. Lakini nilimwuliza kama alipata kumwambia katibu aliyemletea amri kwamba nyumba ile ni ya mwanamke mzee na mvua ziko karibu. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema neno hilo halikumjia.

Halikumjia Adili pia. Hapo ndipo pembe za hadithi hii zinapokutana, na ndipo ninapomwona mtunzi akifanya kazi yake kwa ujanja mkubwa. Maana ni nini kilichowatoa manyani wale katika adhabu? Msomaji aliyezoea hekaya angetarajia vita na majini, au pete ya ajabu, au mapenzi. Kilichowatoa ni barua. Mfalme Rai, alipokwisha kusikia, alimwandikia Huria akimwomba awaachilie. Huria aliyetisha vile akaipokea barua kwa heshima, na manyani wakawa watu. Ni hivyo tu.

Nakuomba msomaji usipite haraka hapa, kama tunavyopita darasani tukikimbilia mwisho mwema. Ikiwa Huria aliweza kuombwa, basi aliweza kuombwa tangu mwanzo. Na katika watu wote chini ya jua, aliyekuwa na haki ya kwanza ya kumwomba ni Adili. Yeye ndiye aliyekosewa, kwa hiyo msamaha ulikuwa wake kuutoa. Tena Huria alikuwa na deni la wema kwake. Mfalme Rai hakuwa na lolote la hayo. Hakumjua Huria na hakupata kumtendea jambo. Alichokuwa nacho ni kwamba aliposikia habari ile aliona haifai kuendelea. Jini lililoonekana kama ukuta lilikuwa mlango, na Adili alikuwa amekaa mbele ya mlango huo usiku baada ya usiku na mjeledi mkononi bila kuusukuma.

Utasema mfalme ana cheo na liwali hana. Sawa. Lakini liwali alikuwa na mfalme. Hata kama hakuthubutu kumwomba Huria, angeweza kumwandikia Rai siku yoyote, na habari ingefika bila kungoja Ikibali aje kwa sababu ya kodi na kuona kwa bahati. Adili hakumwambia mtu. Siri hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba moyoni alijua jambo lile haliwezi kutazamwa na macho ya mwingine. Mtu anayeamini kwamba anatenda haki hutenda barazani.

Kuna jambo jingine ambalo halinipi raha, nalo ni kwamba kesi nzima tunaisikia kwa kinywa cha Adili. Uovu wa ndugu zake, upotevu wa mali, kutupwa baharini, yote yanasimuliwa na aliyeshika mjeledi, mbele ya bwana wake, siku aliyotakiwa kujieleza kwa nini ameushika. Washtakiwa ni manyani, hawawezi kumkatiza. Hata majina yao yamewahukumu kabla ya kesi, maana mtu aitwaye Hasidi akija kujitetea nani atamsikiliza? Sisemi kwamba Adili anadanganya. Hekaya za aina hii hazijengwi kwa msimulizi mwongo, na ningekuwa nampakia Shaaban Robert mzigo wa riwaya za siku hizi. Nasema tu kwamba kitabu kinatuonyesha jinsi inavyokuwa rahisi kuridhika na maelezo ya upande mmoja, upande huo ukiwa mpole na wenye machozi. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, niliwahi kuzungumza juu ya kitabu hiki na mwalimu mmoja Mkongomani, msomaji hodari wa Kiswahili. Mtu aliyepita mbele ya maafisa wa mahojiano mara nyingi kama yeye hupata sikio la pekee kwa hadithi zinazosimuliwa mbele ya wakubwa. Alisifu lugha kwanza, kama inavyostahili. Kisha akasema kwa utani: "Mimi ningemwomba mfalme amgeuze Mwivu kuwa mtu kwa saa moja tu, asikilizwe, kisha ndiyo aandike barua." Tulicheka, lakini nimeubeba utani huo kwa miaka.

Je, mtunzi alikusudia haya? Wengi wataniambia hapana, kwamba Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili aliyetaka kutupa mfano wa kuiga. Nina sababu mbili za kufikiri kwamba mambo ni mapana kidogo.

Ya kwanza ni chanzo cha hadithi. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wataitambua hekaya ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili, ambao wamegeuzwa mbwa, naye anawapiga kila usiku kwa amri ya binti wa majini mpaka Khalifa Harun al-Rashid anapoingilia. Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo akaitia mikono yake mwenyewe, na mahali alipobadilisha ndipo pa kumchunguza. Mbwa amekuwa nyani. Mbwa ni mnyama wa kupigwa tangu zamani na hafanani nasi, lakini nyani ana vidole na ana uso. Anayemchapa nyani anachapa kitu kinachomwangalia kama mtu. Badiliko kubwa zaidi liko mwishoni. Katika hadithi ya kale ndugu wakisha kurudishiwa utu wanarudia uovu wao, na mwisho wanauawa. Yaani hadithi ya kale inasema kwamba mjeledi ulikuwa sahihi, watu wale hawakuwa wa kuachiliwa, na kosa lilikuwa ni huruma ya Khalifa. Shaaban Robert akaukata mwisho huo akautupa. Kwake Hasidi na Mwivu wanatubu, na ndugu watatu wanapatana.

Tunasifu mwisho huo kwa sababu ni mtamu. Lakini angalia umemfanya nini Adili. Katika hadithi ya kale Abdallah anapata udhuru: aliwapiga watu ambao kweli hawakutengenezeka. Adili hana udhuru huo tena. Ndugu zake walitengenezeka, na kilichowafungulia njia hakikuwa mapigo. Usiku wote ule ulikuwa bure. Mtunzi aliyetaka tu kumsifu mtu wake angeuacha mwisho wa zamani, unaomlinda. Huyu aliuondoa, na kwa kuuondoa akamwacha Adili wake uchi.

Sababu ya pili ni maisha ya mtunzi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia katika ofisi za serikali ya kikoloni. Idara ya forodha peke yake ilimchukua tangu 1926 hadi 1944. Alijua amri inavyoshuka kutoka juu kwa mhuri, na karani mpole anavyoitekeleza bila kuinua macho. Alijua pia kwamba liwali, katika nchi yake ya wakati ule, hakuwa mtu wa hekaya bali cheo chenye mshahara. Alipomweka mtu mwema kwenye cheo hicho na kumpa kazi ya usiku isiyosemeka, sidhani kama alikuwa anawaza majini peke yao. Hilo ni dhana yangu, na msomaji anaweza kuikataa. Lakini jambo la mwisho wa hadithi yuko huru kulihakiki mwenyewe kwa kuweka vitabu viwili kando kwa kando.

Sijapata kusikia Ikibali akitajwa kwa sifa darasani, naye kwangu ndiye mtu wa kitabu hiki. Alitumwa kwa mambo ya kodi. Manyani wa liwali hawakuwa kazi yake, na alikuwa mgeni anayekula chakula cha mwenyeji, ambaye kwa desturi zetu huona akanyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kurudi Ughaibu na hesabu zake tu. Badala yake akasema alichoona. Hana machozi mengi kama Adili, na kitabu hakimpi hata heshima ya jina kwenye jalada.

Siku hizi nikiombwa kuzungumza na wanafunzi juu ya hekaya hii siwaulizi tena sifa za mhusika mkuu. Nawapa karatasi waandike barua ambayo Adili hakuiandika, ile ya kumwomba Huria. Wengi huandika ndefu, zenye aya na methali, wakijitetea sana kwa niaba yake. Kijana mmoja wa Kasulu aliandika mistari mitatu. Alimsalimu Huria, akauliza hali ya wazee wake, akaomba ndugu zake wapumzishwe usiku wa leo. Pembeni ya bahasha aliandika kwamba barua ipelekwe kwa mkono, na mpelekaji asiondoke mpaka apewe majibu.